Enno Littmann, Kitigre na Naffa' wad Etman: uzi kuhusu mtaalamu wa lugha za Kisemiti

#1 Mleta mada

Wanajamvi, salaam.

Jina la Enno Littmann likitajwa, aghalabu hutajwa kwa sababu ya Alfu Lela Ulela, kwa kuwa tafsiri yake ya Kijerumani, iliyochapishwa na Insel katika juzuu sita kati ya 1921 na 1928, ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi za Wajerumani. Uzi huu una dai tofauti. Ninaona kwamba kazi yake kubwa kuliko zote ni ile aliyoifanya kwa lugha ya Kitigre ya Eritrea, ingawa wasomaji wake ni wachache, na kwamba hakuna anayeweza kuisimulia kazi hiyo kwa haki akimwacha nje Naffa' wad Etman, kijana wa kabila la Mensa ambaye sehemu kubwa ya maandiko hayo ilipitia mkononi mwake.

Littmann alizaliwa tarehe 16 Septemba 1875 katika mji wa Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani, akafariki Tübingen tarehe 4 Mei 1958. Wakati wa ujana wake, Ujerumani ndiyo iliyokuwa makao makuu ya elimu ya lugha za Kisemiti, yaani Kiarabu, Kiebrania, Kiaramu, Kige'ez (lugha ya kale ya Uhabeshi) na jamaa zake. Alisoma Halle, ambako alikuwepo Franz Praetorius, aliyekwisha kuandika sarufi za Kitigrinya na Kiamhari, na baadaye alikwenda Strassburg kwa Theodor Nöldeke, ambaye wenzake walimhesabu kuwa sheikh wa taaluma nzima. Nöldeke aliandika historia ya Kurani, sarufi ya Kisiria na mengineyo mengi, lakini hakuwahi kukanyaga nchi yoyote ya Mashariki: aliyoyajua yote aliyapata kwenye vitabu na miswada iliyokuwa Ulaya. Mwanafunzi wake alishika njia nyingine.

Shahada yake ya uzamivu, ya mwaka 1898, ilihusu kitenzi cha Kitigre. Wakati huo alikuwa bado hajafika Eritrea, na alitegemea matini chache zilizokuwa zimefika Ulaya. Nafasi ya kwanza ya kusafiri aliipata 1899, alipoingia katika msafara wa wanaakiolojia wa Kimarekani uliokwenda Syria chini ya Howard Crosby Butler wa Princeton. Ndani ya msafara huo alikuwemo pia Robert Garrett wa Baltimore, yule yule aliyeshinda mashindano ya kurusha kisahani na tufe kwenye Olimpiki ya Athens ya 1896, ambaye alitoka katika familia ya mabenki na alikuwa na mapenzi makubwa ya kukusanya miswada ya kale. Mkumbukeni bwana huyu, maana atarudi.

Kusini mwa Syria kuna jangwa la mawe meusi ya volkano, na juu ya mawe hayo wafugaji wa kuhamahama wa zama za kabla ya Uislamu walichora maelfu ya maandishi mafupi. Herufi zake hazina irabu, maneno hayaachani, na mstari unaweza kwenda upande wowote, hata ukajipinda kulizunguka jiwe. Wataalamu waliotangulia, akiwemo Joseph Halévy, walikuwa wamezitambua baadhi ya herufi, lakini palibaki mapengo yaliyowafanya wasome majina yasiyokuwepo. Mwaka 1901 Littmann alichapisha utafiti uliozikamilisha herufi zote 28. Tangu hapo mawe yakaanza kusomeka, na yanachosema ni mambo ya kawaida kabisa ya mfugaji: jiwe hili ni la fulani bin fulani bin fulani, amemlilia ndugu yake aliyekufa, amelisha ngamia mahali hapa, ewe Allat (mungu wao wa kike), mpe salama. Miaka mitatu baadaye alifanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa maandishi ya Kithamudi ya kaskazini mwa Arabia.

Ninaliweka jambo hili mapema kwa sababu linaonyesha tabia yake. Alivutiwa na maneno ya watu ambao hawakuwa na maktaba.

#2 Mleta mada (naendelea)

Sasa tuje Eritrea, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha mada.

Baada ya kufanya kazi Princeton, ambako mwaka 1904 alitoa orodha ya miswada ya Kiarabu ya maktaba ya chuo hicho, Littmann aliwezeshwa na Garrett kwenda Uhabeshi. Mwaka 1905 aliingia Eritrea, wakati huo ikiwa koloni la Italia, akapanda hadi Geleb katika nchi ya Mensa, kwenye milima iliyo juu ya nyanda za pwani. Wamisionari wa Kiswidi walikuwa na kituo hapo, na miongoni mwao alikuwepo Richard Sundström, ambaye alikuwa amekwisha kujifunza Kitigre na alikuwa na vijana wenyeji waliojua kukiandika kwa herufi za Kige'ez. Mmoja wa vijana hao alikuwa Naffa' wad Etman.

Utaratibu wa wasomi wengi wa zama hizo ulikuwa kumkalisha mzungumzaji mmoja, kumwuliza viambishi na nyakati za vitenzi, kupata sentensi kadhaa za mfano na kurudi nyumbani. Littmann alitaka matini kamili: hadithi za wanyama, visa vya mababu, habari za nyota na mwezi, desturi za ndoa na za msiba, majina ya watu na sababu za kupewa majina hayo, maombolezo, na juu ya yote mashairi. Mengi ya hayo yasingepatikana kwa mgeni kukaa majuma machache mlimani. Naffa' ndiye aliyekuwa akiwaendea wazee na washairi, akisikiliza, akiandika na kueleza. Littmann alipoondoka, yeye aliendelea kukusanya, na baadaye alikwenda Strassburg, ambako wawili hao walikaa na matini hayo mstari kwa mstari.

Matokeo yake ni vitabu vilivyochapishwa Leiden na Brill kuanzia 1910 hadi 1915 kwa jina la msafara wa Princeton. Juzuu ya kwanza ina matini ya Kitigre ya hadithi, desturi, majina na maombolezo; ya pili ni tafsiri yake ya Kiingereza. Ya tatu ina mashairi ya makabila ya Kitigre, zaidi ya 700, na ya nne ni tafsiri ya Kijerumani pamoja na maelezo. Mashairi yenyewe hayakumwagwa tu kama matini ya kupimia sarufi. Msomaji huelezwa nani aliyetunga na tukio lililomfanya atunge: ng'ombe walioporwa, kaka aliyeuawa, chifu anayesifiwa au kusutwa. Bila maelezo hayo beti nyingi zingekuwa fumbo, kwa sababu mtunzi aliwatungia watu waliokwisha kuijua habari. Yeyote aliyewahi kusoma shairi la Muyaka bila kujua siasa za Mombasa za wakati wake ataelewa ninachosema.

Naffa' hakuviona vitabu hivyo. Mwaka 1909, akiwa njiani kurudi kwao, alitoweka kutoka melini katika Bahari ya Mediterania.

#3 Mchangiaji

Ndugu mleta mada, ahsante kwa somo zuri. Nina maswali mawili. La kwanza: je, Kitigre hiki ndicho Kitigrinya kinachozungumzwa Asmara na Mekelle, au ni kitu kingine? La pili: huyu Littmann aliwahi kuishi na Waarabu na kufundisha kwao, au alikuwa mtu wa misafara tu?

#4 Mleta mada

Ndugu yangu, ni lugha mbili. Kitigrinya ni lugha ya nyanda za juu za Eritrea na ya jimbo la Tigray nchini Ethiopia, na wengi wa wasemaji wake ni Wakristo wa Kiorthodoksi. Kitigre husemwa zaidi kaskazini na magharibi mwa Eritrea na kwenye nyanda za pwani, na wasemaji wake kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Zote mbili ni jamaa wa karibu wa Kige'ez, lugha ya ibada ya kanisa la Uhabeshi, na wataalamu huona kwamba Kitigre kimehifadhi mambo mengi ya kale. Ndiyo maana mtu wa lugha za Kisemiti alikithamini hata kabla ya kukisikia: alitarajia kupata humo lugha hai yenye sura ya Kige'ez.

Kuhusu Waarabu, Littmann alialikwa Cairo na chuo kikuu kipya cha Misri, kilichofunguliwa 1908, akafundisha lugha za Kisemiti kwa Kiarabu. Mmoja wa wanafunzi waliomsikiliza ni Taha Hussein, kijana kipofu kutoka Misri ya Juu, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Kiarabu wa karne ya 20 na waziri wa elimu wa nchi yake. Miaka mingi baadaye Littmann aliingizwa pia katika Chuo cha Lugha ya Kiarabu cha Cairo, heshima ambayo Wazungu wachache sana waliipata.

Vituo vyake vya Ujerumani nitavitaja kwa ufupi: Strassburg mwaka 1906, akishika kiti cha Nöldeke, kisha Göttingen, kisha Bonn, na kuanzia 1921 Tübingen, ambako alibaki.

#5 Mchangiaji mwingine

Mimi nina neno la kupinga kidogo, kwa heshima zote. Mnamsifu Littmann kwa kazi ambayo, kwa maelezo yenu wenyewe, iliandikwa na Naffa'. Jina lililo kwenye ukurasa wa mbele wa vitabu hivyo ni la nani? Habari hii sisi Waswahili tunayo. Miaka hiyo hiyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, na kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilitoka 1903 kwa jina la Carl Velten kama mkusanyaji. Ilipita miongo mingi, hadi tafsiri ya Kiingereza ya 1981, ndipo jina la Mtoro likasimama juu ya jalada. Kwa maoni yangu, tukimwandika Littmann tumwandike kama mhariri, na Naffa' kama mwandishi.

#6 Mleta mada

Hoja yako ina uzito, na mfano wa Mtoro umekaa mahali pake. Ukurasa wa mbele una jina la Littmann peke yake. Hata hivyo ningependa tutofautishe kesi hizi mbili kwa mambo mawili. Kwanza, Littmann alimtaja Naffa' waziwazi katika utangulizi na kueleza sehemu aliyoifanya, hivyo msomaji wa 1910 hakuachwa gizani. Pili, kazi ya upande wa Littmann haikuwa ndogo. Kuyapanga mashairi 700 ya lugha ambayo haikuwa na kamusi ya kutosha, kuyatafsiri na kuyafafanua kwa wasomaji ambao hawajawahi kuona hata kijiji kimoja cha Mensa, ni jasho la miaka. Ningesema ni kitabu cha watu wawili chenye jina la mmoja. Neno mhariri, nadhani, linampunja Littmann. Lakini kumwita Naffa' msaidizi, kama wanavyofanya baadhi ya waandishi, ni dhuluma kubwa zaidi.

Kuna upande mwingine wa safari hizo ambao haukuguswa, nao unaongeza nguvu katika hoja yako kuhusu nani anapata nini. Kwa fedha za Garrett, Littmann alinunua miswada na hirizi za Kihabeshi, zile karatasi ndefu za ngozi zenye sala na michoro ya macho na malaika ambazo mtu huzikunja na kuzivaa. Leo zimo katika maktaba ya Princeton. Zimehifadhiwa vizuri, hilo halina ubishi, lakini Mhabeshi anayetaka kuziona hana budi kuomba viza.

Tofauti kidogo ni msafara wa Aksum, mji wa kale wa wafalme kaskazini mwa Ethiopia. Mwaka 1905 ujumbe wa Ujerumani ulioongozwa na Friedrich Rosen ulikwenda kwa Mfalme Menelik II kuanzisha uhusiano, na humo ndimo lilimozaliwa wazo la kuwapeleka wataalamu Aksum kwa gharama za Kaisari Wilhelm II. Littmann, ambaye alikuwa tayari Eritrea, aliwekwa kuwa kiongozi. Walikuwa wanne: yeye, wasanifu majengo Daniel Krencker na Theodor von Lüpke, na daktari Erich Kaschke. Walifanya kazi kwa takriban miezi mitatu ya mwanzo ya 1906, wakisaidiwa na Dejazmach Gebre Selassie aliyeitawala sehemu hiyo. Walipima nguzo za mawe, ikiwemo ile kubwa iliyoanguka yenye urefu wa mita 33 hivi, iliyochongwa mfano wa ghorofa zenye madirisha na mlango chini. Walipanda Debre Damo, monasteri ambayo mpaka leo mtu huifikia kwa kuvutwa kwa kamba juu ya jabali. Walichimba misingi ya jumba la Ta'akha Maryam. Vitabu vinne vya ripoti vilitoka Berlin 1913.

Jumba hilo baadaye liliharibiwa na ujenzi wa barabara wakati wa utawala wa Waitalia, hivyo michoro ya Krencker imebaki kuwa ushahidi mkuu wa mpango wake. Wachimbaji wa baadaye wote wa Aksum huanza kazi wakiwa na ramani za 1906 mkononi.

Kwa Littmann mwenyewe, neema ilikuwa kwenye maandishi ya mawe, ambayo ndiyo yaliyojaza juzuu ya nne. Maandishi ya Mfalme Ezana wa karne ya 4 yalikuwa yanajulikana kwa sehemu, lakini nakala zilizokuwepo zilikuwa na makosa. Littmann aliyasoma upya akiwa mbele ya jiwe. Katika maandishi ya vita dhidi ya Wabeja, yaliyoandikwa kwa Kigiriki na Kige'ez, mfalme anajiita mwana wa mungu wa vita, Mahrem, ambaye Wagiriki walimwita Ares. Katika maandishi mengine, yanayoeleza kampeni ya kuelekea Nubia hadi nchi ya Kushi, mfalme huyo huyo anamshukuru Bwana wa Mbingu na Mahrem hatajwi tena. Ukiyaweka mawe hayo mawili pamoja na sarafu zake, ambazo alama ya mwezi na duara inapisha msalaba, unayaona mabadiliko ya dini ya dola nzima ndani ya utawala wa mtu mmoja.

#7 Mchangiaji

Mimi nimesoma Alfu Lela Ulela kwa Kijerumani nilipokuwa masomoni huko, na nadhani mleta mada ameipita haraka mno. Si kweli kwamba ilikuwa kazi ya pembeni. Inasemekana mwanzoni aliombwa tu kusahihisha tafsiri ya zamani, je, ni kweli? Na mbona wengine wanasema tafsiri yake ni kavu?

#8 Mleta mada

Ni kweli. Insel walikuwa na tafsiri ya Felix Paul Greve, ambayo ilitokana na Kiingereza cha Richard Burton, na Littmann aliombwa kuipitia. Alipoilinganisha na Kiarabu, aliona ni nafuu kuanza upya. Alifuata chapa ya Calcutta ya 1839, akatafsiri nathari kwa uaminifu mkubwa, na mashairi yote akayatia vina kwa Kijerumani. Hadithi maarufu ambazo hazimo katika chapa hiyo, kama ya Ala ad-Din na ya Ali Baba, alizichukua kwenye vyanzo vingine na kumweleza msomaji kwamba amefanya hivyo.

Kuhusu ukavu, mlalamikaji mkuu ni Jorge Luis Borges wa Argentina, ambaye katika insha aliyoichapisha 1936 alisema kwamba kwa Littmann hukuti kingine isipokuwa uaminifu wa Kijerumani, na kwamba hicho ni kidogo mno. Borges alitaka mfasiri anayeongeza chumvi, kama Burton. Ni haki yake kupenda hivyo. Lakini mtu aliyekaa na Naffa' kupatanisha maana ya beti moja ya Kimensa hawezi kutazamiwa kumwekea Shahrazad maneno ambayo hakuyasema, na mimi ninamshukuru kwa hilo. Ukavu anaolalamikiwa unaonekana zaidi katika maelezo ya mavazi na vyakula. Kwenye mazungumzo ya wachuuzi na wapagazi Kijerumani chake kina uhai.

Hata huko kwao alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1922 alichapisha hadithi za Kifrisia cha kisiwa cha Wangerooge, lahaja iliyokuwa imebakiwa na wasemaji wachache mno, kwa kutumia hazina iliyoachwa na Heinrich Georg Ehrentraut, aliyekusanya karne iliyotangulia. Sardis nayo, huko Uturuki, ilimpa maandishi ya Kilidia, lugha isiyo ya Kisemiti hata kidogo. Jiwe moja lenye Kilidia na Kiaramu pamoja lilimpatia ufunguo, na mwaka 1916 alitoa usomaji wa kwanza wa kutegemeka wa maandishi hayo.

#9 Mchangiaji wa #5

Nimekuelewa, mkuu, na neno la watu wawili ninalikubali. Swali langu la mwisho ni la matumizi: mtu anayetaka kujifunza Kitigre leo aanzie wapi katika kazi hizi, au zimepitwa na wakati?

#10 Mleta mada

Aanze na juzuu ya kwanza na ya pili sambamba, sehemu ya hadithi za wanyama, kwa sababu lugha yake ni nyepesi na tafsiri ya Kiingereza inafuata matini kwa karibu. Mashairi ayaache mpaka awe na msingi. Pembeni awe na kamusi ya Kitigre ambayo Littmann aliiandaa pamoja na Maria Höfner. Ilianza kutoka kwa sehemu katika miaka ya 1950 na ilikamilika Wiesbaden mwaka 1962, miaka minne baada ya Littmann kufariki. Maana zimetolewa kwa Kijerumani na Kiingereza, hivyo kutokujua Kijerumani si kikwazo. Sarufi zake zimepitwa katika mambo ya matamshi na muundo wa sentensi, na kwa hayo kuna kazi mpya zaidi. Lakini kamusi bado inatumika kila siku, na mifano mingi iliyomo ndani yake imetoka katika yale yale mashairi na hadithi alizoziandika Naffa'.